Njaa ya Punda Hailipwi kwa Siku Moja

Mwaka 1970 mwanasayansi wa Kenya, Geoffrey Maloiy, alichapisha utafiti wake juu ya matumizi ya maji katika mwili wa punda wa Kisomali. Aliyoyathibitisha kwa vipimo, wachukuzi wa maji wa Kismayo, Somalia, walikuwa wakiyaona kila siku: punda hustahimili kiu inayoweza kumuua mnyama mwingine, na akifikishwa kisimani hunywa kwa dakika chache tu akarudi katika hali yake. Viumbe waliojaliwa uwezo huo ni wachache.

Uwezo huo huo umemponza. Aliyezoea kumwona punda akifufuka kwa ndoo ya maji hudhani njaa nayo hutibiwa hivyo. Gofu la punda linaokotwa kando ya njia, mbavu zinahesabika, mtu mwenye huruma analileta nyumbani na kulitilia beseni la mahindi. Punda anakula mpaka chembe ya mwisho na kila mtu anafurahi. Siku ya tatu au ya nne miguu inatetemeka, pumzi inapaa, mnyama anaanguka na hainuki tena. Watu husema siku zake zilikuwa zimefika. Mara nyingi hazikuwa zimefika. Beseni lile ndilo lililomuua.

Kiu ya punda hulipwa kwa dakika, lakini njaa yake hulipwa kwa miezi. Katika pwani hii ambako ukame hurudi mara kwa mara, anayetaka kumwokoa mnyama aliyekonda anahitaji kuelewa tofauti hiyo kuliko anavyohitaji dawa yoyote ya dukani.

Mnyama na pwani yake

Kutoka Kismayo kushuka hadi Ras Kamboni, visiwa vya Wabajuni vimejipanga sambamba na bara: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vidogo vingine. Wenyewe ni watu wa bahari, na maisha yao ni mashua na nyavu. Lakini kitu kikishatua nchi kavu, mzigo ni wa punda. Mjini Kismayo gari la punda lenye pipa la maji ni sehemu ya mji kama ilivyo bandari. Upande wa pili wa mpaka, ule wa Somalia na Kenya uliochorwa baada ya Uingereza kuikabidhi Italia nchi ya Jubaland mwaka 1925, jamaa zao wa Faza na Siyu, pamoja na watu wa Lamu, wanamtumia punda yule yule kubeba mchanga, mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na magunia ya unga.

Farasi ni adimu katika ukanda huu, na moja ya sababu ni mbung'o. Bonde la Mto Juba lina mbung'o wanaoambukiza nagana, ugonjwa ambao farasi hauwezi. Punda naye huugua, ila hustahimili zaidi. Huko Ulaya na Marekani, mnyama wa jamii hii anayeokolewa akiwa mifupa mitupu huweza kuwa farasi mdogo wa kufugwa kwa mapenzi. Chama cha wafugaji wa farasi hao kilichoundwa Marekani mwaka 1978 hakimkubali anayezidi inchi 34, kama sentimita 86, kwa kimo. Wa kwetu hufugwa kwa kazi, wa kwao kwa starehe, lakini ndani ya mwili wanafanana: wote wawili ni wadogo, wote hunenepa kwa chakula kichache, na wote wana udhaifu mmoja wa damu utakaoelezwa hapa chini. Kwa hiyo somo lililopatikana kwa mmoja linamfaa na mwenzake.

Zaidi ya hayo, punda si mgeni aliyeletwa kwetu na jahazi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wanatokana na ufugaji ulioanza Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Punda mwitu wa Kisomali, mwenye milia miguuni kama ya pundamilia, bado yupo katika Pembe ya Afrika, ingawa amekaribia kutoweka kabisa. Dunia ilimpata mnyama huyu kutoka upande huu wa bara. Ingekuwa aibu sisi ndio tukose elimu ya kumtunza.

Anakondaje?

Jibu la haraka ni kwamba hana chakula, na mara nyingi ni kweli. Katika kiangazi ambacho Wasomali hukiita jilaal, baina ya Januari na Machi, nyasi huisha na bei ya majani makavu hupanda. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana Somalia. Ng'ombe walikufa kwa wingi na watu walihamia mijini na kambini, wakati huo huo gari la maji likihitajika kuliko wakati wowote. Punda alifanya kazi zaidi huku akila kidogo zaidi. Hesabu ya namna hiyo mwili hauwezi kuifunga.

Lakini si kila aliyekonda amekonda kwa kukosa chakula, na anayemlisha bila kutafuta chanzo hutupa majani yake. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni meno. Meno ya punda huendelea kuchomoza maisha yake yote na kusagika kwa kutafuna. Yasiposagika sawasawa hutoa ncha kali zinazochana mashavu na ulimi. Punda wa namna hiyo huokota majani, huyatafuna kwa upande mmoja, kisha huyadondosha yakiwa donge lililolowa mate. Ukiona madonge hayo chini, tatizo liko mdomoni.

Ya pili ni minyoo. Punda mwenye minyoo mingi anaweza kuwa na tumbo kubwa huku uti wa mgongo ukichomoza, na tumbo hilo huwadanganya watu wakadhani ameshiba. Ya tatu ni nagana na magonjwa ya kupe, ambayo huleta homa ya kuja na kuondoka, upungufu wa damu na ufizi uliopauka. Ya nne ni vidonda vya soji, hatamu na nira: mnyama mwenye kidonda kisichopona hutumia sehemu ya lishe yake kupigana na usaha. Ya tano ni mimba na kunyonyesha. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, na akizaa huku anaendelea kuvuta gari, maziwa hutoka katika nyama yake mwenyewe.

Pwani ina balaa mbili zaidi. Ya kwanza ni mchanga. Chakula kikimwagwa chini kwenye mchanga mtupu, punda humeza mchanga pamoja na majani, nao hutuama tumboni, huumiza utumbo na kuleta msokoto. Ya pili ni plastiki. Wanyama wanaoachwa wajitafutie mitaani hula mifuko iliyobaki na harufu ya chakula. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, lakini taka za bahari na majalala hazijui mpaka, na donge la plastiki tumboni halitoki kwa dawa ya minyoo.

Mkono unaona kuliko jicho

Manyoya humsetiri punda, hasa aliyekonda, kwa kuwa mara nyingi huwa marefu na yamesimama. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima hali ya mwili kwa kupapasa. Mwaka 1983 Don Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitoa kipimo cha farasi chenye ngazi 1 hadi 9, ambapo 1 ni mifupa na ngozi, na 9 ni unene wa kupindukia. Kwa punda hutumika zaidi kipimo cha ngazi tano, na ngazi ya 3 ndiyo afya.

Namna yake ni nyepesi. Pitisha kiganja shingoni, begani, mbavuni, mgongoni na kwenye nyonga. Mbavu za punda mwenye afya hazionekani, ila ukizibonyeza kidogo unazihisi. Zikionekana kwa mbali amepungua. Ukikuta mifupa ya nyonga imechomoza kama pembe za meza, mgongo umekuwa kama paa la makuti, na shingo imekuwa nyembamba kama ubao, yuko ngazi ya 1. Tahadhari moja: punda aliyewahi kunenepa huweza kubaki na mafuta magumu shingoni hata mbavu zikiwa zimetokeza. Usiyategemee mafuta hayo kukupa hukumu.

Asiye na mizani achukue kamba. Aizungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, afunge fundo palipokutana, na arudie kila wiki siku ile ile. Fundo likisogea, anajua anakokwenda. Jicho linalomwona mnyama kila siku halitambui mabadiliko madogo, lakini fundo la kamba huyaonyesha.

Siku kumi za kwanza

Hapa ndipo wengi hupotea. Mwili unaokosa chakula huanza kwa kutumia sukari iliyohifadhiwa, kisha mafuta, kisha nyama, ikiwamo nyama ya moyo. Katika safari hiyo akiba ya madini ya fosfeti, magnesi na potasiamu huisha polepole, lakini damu huonekana kama haijapungukiwa, kwa sababu mwili unazima kazi zake moja baada ya nyingine ili kubana matumizi. Sasa mpe mnyama huyo beseni la mahindi. Wanga hugeuka sukari, sukari huita homoni ya insulini kwa wingi, na insulini husukuma sukari kuingia kwenye chembe za mwili pamoja na madini yale machache yaliyobaki kwenye damu. Ndani ya siku chache damu imekauka madini. Moyo unapiga ovyo, misuli ya kupumulia inachoka, mnyama anakufa ameshiba.

Jambo hili halihusu wanyama peke yao. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia madaktari waliliona kwa wafungwa walionusurika njaa, ambao baadhi yao walikufa baada ya kufunguliwa na kulishwa. Na katika pwani yetu kuna kina mama wanaolijua bila kuambiwa jina lake. Mama aliyempeleka mwanawe kwenye wodi ya utapiamlo mkali anakumbuka kwamba mtoto hakupewa chakula kizito siku ya kwanza, hata kama alikilia. Alipewa maziwa ya tiba ya F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Alipotulia ndipo akahamishiwa F-100 au siagi ya karanga ya pakiti. Nyumba iliyopitia hayo inajua tayari namna ya kumlisha punda aliyekonda: kidogo, mara nyingi, na bila kuongozwa na macho ya mnyama yanayoomba zaidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha lishe mbalimbali kwa farasi waliokondeshwa na njaa, wakaona majani makavu ya lusini ndiyo yaliyofaa zaidi, kwa kuwa yana wanga kidogo na protini na madini ya kutosha. Utaratibu uliotokana na kazi yao ni nusu kilo ya lusini kila baada ya saa nne kwa siku tatu za mwanzo. Kuanzia siku ya nne hadi ya kumi kiasi huongezwa taratibu na milo hupunguzwa idadi. Baada ya hapo farasi huachiwa ale majani kadiri apendavyo. Nafaka haiingii kabisa mpaka apate nguvu.

Hiyo ni hesabu ya farasi mkubwa. Tuipeleke kwa punda. Punda mwenye afya hula kwa siku majani makavu yenye uzito wa takriban asilimia 1.5 ya uzito wake. Aliyekonda akiwa na kilo 120 angehitaji kama kilo 1.8. Siku ya kwanza mpe nusu ya hiyo, gramu 900, igawe mafungu sita: gramu 150 kila baada ya saa nne, na fungu la usiku wa manane likiwamo. Ongeza kidogo kidogo ili afikie mgawo kamili baina ya siku ya saba na ya kumi. Farasi mdogo wa kilo 90 hufuata hesabu hiyo hiyo kwa uzito wake. Maji yawe karibu wakati wote, safi na yasiyo ya chumvi. Jiwe la chumvi lisubiri siku hizo kumi zipite.

Lusini haipatikani kirahisi Kismayo wala visiwani, lakini msingi wake unapatikana: nyasi kavu zilizochanganywa na majani makavu ya mimea ya jamii ya kunde. Majani ya kunde na ya karanga yaliyokaushwa kivulini yanafaa, mradi yasizidi nyasi, kwa maana utajiri wa ghafla huleta ugonjwa wa kwato. Mabua ya mahindi yanasaidia kujaza tumbo siku za baadaye. Mambo mawili ni haramu kwa mnyama huyu. La kwanza ni mahindi au mabua yenye ukungu, ambayo unyevu wa pwani huyaharibu upesi: sumu ya kuvu fulani wa mahindi huyeyusha ubongo wa punda na farasi, na haina tiba. La pili ni mtama mchanga au ulionyauka kwa ukame, ambao majani yake hutengeneza sumu ya sianidi.

Asiyeweza kusimama anahitaji zaidi ya chakula. Alazwe kivulini kwenye matandiko mazito, akalishwe kifudifudi miguu ikiwa imekunjwa chini ili apumue vizuri, na ageuzwe upande kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia. Ikipita siku ya tatu hajainuka, matumaini ni madogo. Hapo uamuzi wa kumpumzisha kwa kifo kisicho na maumivu ni wa daktari wa mifugo pamoja na mwenye mnyama, na kuuchelewesha si huruma.

Hatari ya upande wa pili

Anayesoma haya asije akaogopa chakula kiasi cha kumnyima. Punda na farasi wadogo wana udhaifu ambao farasi wakubwa hawana kwa kiwango hicho. Wakikosa kula, kwa njaa, maumivu, homa au huzuni, mwili huvunja mafuta yake kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuyapokea. Mafuta hufurika kwenye damu mpaka ikichotwa huonekana nyeupe kama tui, na ini na figo huziba. Ugonjwa huu huua wengi wanaoupata. Aliye katika hatari kubwa zaidi ni jike mwenye mimba, na pia yule aliyekuwa mnene kisha akanyimwa ghafla.

Kwa hiyo njia ni nyembamba: wanga mwingi unaua, na kutokula kunaua. Punda aliyekataa chakula siku nzima ni mgonjwa wa dharura hata kama amesimama kimya. Tena kimya chake ndicho cha kuogopwa. Farasi mwenye maumivu hujigaragaza, ila punda huinamisha kichwa na kunyamaza, na watu husema amechoka tu. Pima joto: la kawaida kwa punda aliyekomaa ni kama nyuzi 37. Tazama ufizi kama ni wa waridi, mweupe au wa manjano. Hesabu mafungu ya mavi ya usiku. Mshawishi ale kutoka mkononi mwako, mpe majani mabichi machache yenye harufu.

Kuna desturi moja ya kuacha kabisa, nayo ni kumfungua punda dhaifu kinywa na kummiminia uji kwa chupa. Uji huo mara nyingi huishia mapafuni, na nimonia humaliza kilichosazwa na njaa. Kama lazima alishwe kwa nguvu, daktari hupitisha mpira puani hadi tumboni.

Na usimtenge na mwenziwe. Punda hufungamana wawili wawili, na urafiki wao ni wa dhati. Aliyetolewa kwa mwenziwe akafungwa peke yake uani anaweza kugoma kula kwa huzuni tu, na kugoma huko kukawa mwanzo wa ugonjwa wa mafuta. Mlete na mwenziwe, hata kama huyo mwingine ni mzima.

Miezi inayofuata

Baada ya siku kumi mtu hushika pumzi, lakini kazi ndiyo kwanza inaanza. Sasa ni wakati wa dawa ya minyoo. Kumpa siku ya kwanza mnyama aliye taabani ni kumwongezea mzigo, kwa kuwa minyoo mingi ikifa kwa pamoja huumiza utumbo uliokwisha kudhoofika. Daktari huchagua dawa na kipimo kwa uzito wake wa sasa, si ule aliokuwa nao zamani. Meno husawazishwa anapoweza kusimama bila kuyumba. Kwato zilizorefuka hukatwa kidogo kidogo, kwa awamu.

Chakula kiwe kwenye hori, gunia lililotandazwa au sakafu iliyofagiliwa, kamwe kisimwagwe mchangani. Wiki zinavyosonga, pumba kidogo au mashudu ya ufuta, ambayo Bonde la Juba huyatoa linapokamua mafuta, huweza kuongezwa kwa vijiko kwanza, kisha kwa viganja. Kila kitu kipya kiingie polepole, kwa wiki moja au mbili, kwa sababu tumbo la punda linategemea vijidudu vya kusaga chakula ambavyo navyo vilikufa njaa pamoja naye.

Nyama hairudi upesi kama mafuta. Kamba yenye mafundo itaonyesha mabadiliko ndani ya mwezi, lakini kurudi kwenye uzito wa afya huchukua kati ya miezi mitatu na sita, na kwa waliodhoofika sana ni zaidi. Misuli ya mgongo na mapaja haijengwi na chakula peke yake. Inataka matembezi mafupi bila mzigo, yakirefushwa kila wiki. Kumrudisha kwenye gari mara mbavu zinapofunikwa ni kumtuma avute kwa nguvu asizonazo bado. Na kabla hajarudi, kile kilichomwumiza kirekebishwe: soji lenye mto laini, nira isiyokaa juu ya mfupa, gari lililosawazishwa ili uzito usimlalie shingoni.

Na mwenye punda je?

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba punda anaishi peke yake. Haishi. Katika Kismayo kumpumzisha punda miezi mitatu ni kuiambia familia ikae miezi mitatu bila kipato. Anayemlaumu mchukuzi wa maji bila kuitazama hesabu hiyo hajalielewa tatizo. Methali isemayo punda afe mzigo wa bwana ufike inatajwa kana kwamba ni ukatili, lakini mara nyingi aliye nyuma ya punda anasukumwa na njaa ile ile. Kosa la methali hiyo ni la kihesabu: punda akifa, mzigo wa kesho haufiki.

Historia ya uokoaji wa wanyama hawa inathibitisha hilo. Mwaka 1930 Dorothy Brooke, mwanamke wa Kiingereza, alifika Cairo akakuta maelfu ya farasi waliotumika na jeshi la nchi yake katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wameuzwa kwa kazi mitaani, wamezeeka na kubaki mifupa. Alichangisha fedha, akawanunua kama 5,000. Wengi walikuwa wamepita kiwango cha kutibika, kilichobaki ikawa kuwapa kifo kisicho na maumivu. Lakini aliona pia kwamba wenye farasi walikuwa maskini waliotegemea mnyama mmoja. Mwaka 1934 akafungua hospitali ya bure ya wanyama wa kazi, ili farasi na punda watibiwe wakiwa bado mikononi mwa wenyewe. Taasisi aliyoianzisha inafanya kazi hadi leo, ikiwamo Afrika Mashariki.

Lamu ilipata somo hilo karibu zaidi. Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha shirika la The Donkey Sanctuary huko Devon, Uingereza, mwaka 1969, alifungua zahanati ya punda mjini Lamu mwaka 1987. Punda hutibiwa bila malipo, hupewa dawa ya minyoo, hukaguliwa meno na vidonda, na mashindano ya punda waliotunzwa vizuri yamekuwa fahari ya wenye punda. Kisiwa chenye vichochoro visivyopitika kwa gari kimefaidika kuliko wageni wanavyodhani, kwa maana afya ya punda ndiyo barabara yake. Wabajuni wa Somalia, ambao wana ndugu, lugha na misikiti upande huo, hawahitaji kutafuta mfano mbali.

Nguvu nyingine inayohusu jambo hili imetoka nje. Kwa miaka mingi ngozi ya punda imekuwa ikinunuliwa ili kutengeneza ejiao, dawa ya Kichina inayopikwa kwa gundi ya ngozi hiyo. Kenya iliruhusu machinjio, na punda wakaanza kuibwa na bei yao kupanda. Tanzania ilisimamisha biashara hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo unamhusu mchukuzi wa Kismayo moja kwa moja: punda aliyekonda asiyetibiwa ndiye wa kwanza kuuzwa kwa bei ya ngozi, na anayemuuza hapati tena fedha za kununua mwingine.

Kinachofaa kufanywa kinajulikana. Wakati wa ukame, misaada ya mifugo imekuwa ikiwafikiria zaidi ng'ombe, mbuzi na ngamia, wanaohesabiwa kwa nyama na maziwa. Miongozo ya kimataifa ya dharura za mifugo, LEGS, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2009, inatambua kuwa mifugo ni uti wa mgongo wa maisha ya watu katika majanga, na punda anayeleta maji kambini hastahili kuwa wa mwisho kukumbukwa. Majani makavu yahifadhiwe baada ya mvua, kabla bei haijapanda. Mafundi wafunzwe kushona soji na nira zisizochubua. Vijana wawili watatu katika kila mtaa wafundishwe kupima hali ya mwili na kukagua meno. Na wenye magari ya punda wajiunge, ili mmoja akimpumzisha wake, wenzake wamwazime zamu. Pwani hii inajua kuchangiana mashua na nyavu. Punda naye anaweza kuchangiwa vivyo hivyo.

Kila Mwislamu wa pwani hii amesikia habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipompita ngamia ambaye mgongo wake umegusana na tumbo kwa njaa, akawausia watu wamche Mungu katika wanyama wasioweza kusema. Wosia huo haukuishia kwenye kusikitika. Anayemcha Mungu katika mnyama asiyesema huamka saa nane za usiku kumpelekea gramu 150 za nyasi, hata kama mnyama mwenyewe angependa beseni zima.

Ewe uliyemwokota punda aliyekonda, usimkimbilize. Mpe maji leo, mpe majani kidogo kila saa nne, mweke na mwenziwe, mwite daktari wa mifugo mapema, na funga fundo kwenye kamba. Siku ya kumi ikipita yungali amesimama, umeshinda sehemu ngumu. Iliyobaki ni miezi ya subira, na subira hiyo ndiyo dawa yake.